Jogoo wa Mama Mkwe na Chungu cha Umeme

Makutupora, Dodoma
Jumapili, baada ya kanisa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Na shikamoo nyingine ya mkweo Elia, amesimama nyuma ya kiti changu anahakikisha naiandika kabla ya yote. Mgongo wako unaendeleaje? Umeanza kumwachia mdogo wangu Tuma ndoo za maji kama nilivyokuomba, au bado unajifanya msichana? Najua hapo Tukuyu mvua inanyesha unaposomewa barua hii. Huku upepo unatupiga vumbi mpaka kwenye kope, midomo imekauka kama ganda la karanga, lakini wazima wote, na moyo wangu umelowa tepetepe. Usinicheke. Ningepiga simu, ila siku naondoka ulisema simu haikai sandukuni. Basi hii iweke sandukuni.

Mama, ndoa ni tamu. Ulinikataza nisiseme hivyo kwa sauti, watu wana macho, lakini barua haina sauti. Elia akitoka kazini Ihumwa, kwenye karakana ya reli, huzima pikipiki mbali na mlango ili aje kunishtukiza. Kila siku nasikia nyayo zake kwenye changarawe, na kila siku najifanya nimeshtuka. Ananiletea vitu vidogo: pipi moja, kalamu, jana kifungo cha ile blauzi yangu ya bluu, alikitafuta maduka matatu. Mambo mengine nitamwandikia dada, wewe ni mama.

Lakini mwezi wa kwanza wa ndoa jioni zetu zilikuwa na tabu. Nyumbani tupo watatu, mimi, Elia, na wifi yangu Nyemo aliye kidato cha pili. Wote tunarudi kama saa kumi na mbili na nusu, mimi kutoka shamba la zabibu, yeye kutoka masomo ya ziada, kaka yake kutoka Ihumwa, na wote tuna njaa ya simba. Ndipo niwashe mkaa, nichague mchele, nichemshe nyama. Nyama ikianza kulainika Nyemo amelala juu ya daftari la hesabu na Elia ameshiba mkate mkavu, anasema hana neno. Hilo "sina neno" lilinichoma kuliko kama angegomba.

Sasa unakumbuka kile kitu cha kichen pati? Kile cheusi, cha mviringo, chenye kifuniko cha kioo, alichonipa madamu aliyenifundisha Baiolojia. Ulikigeuza geuza mbele ya wanawake wote ukauliza, "Redio gani hii isiyo na spika?" Watu wakacheka mpaka madamu akaona aibu. Mama, ni chungu! Chungu cha umeme kinachopika polepole. Ndani kina bakuli zito la udongo lililong'arishwa, nje kina kitufe cha kuzungusha, moto mdogo au moto mkubwa, basi. Unatia kila kitu asubuhi, unafunika, unakwenda zako. Kinapika siku nzima taratibu kama mtu anayewaza, hakiunguzi, hakimwagiki, na umeme hakinywi sana.

Aliyekizindua ni Elia mwenyewe. Jumamosi moja alikaa sakafuni na kile kitabu cha maelekezo, kidole juu ya mstari, anasoma kama anasoma Injili. Akachemsha maharage kwanza kwenye gesi, kitabu kilisema yasiingie mabichi, akakata vitunguu machozi yanamtoka, akaniambia, "Haya si ya vitunguu, ni ya mapenzi." Tulikwenda sokoni, tukapita kwa rafiki zake, tukarudi jioni tumechoka. Kufungua mlango, Mama, harufu ikatupokea kama mgeni wa heshima. Maharage yamevimba, mchuzi mzito, kitunguu kimeyeyuka hakionekani. Tulikula saa moja kamili. Nyemo alimaliza hesabu zake zote, na Elia akaniimbia wimbo mzima akiosha vyombo.

Toka siku hiyo nakisifu chungu hiki kama mtoto aliyeongoza darasa. Jirani yetu, mama mmoja mcheshi, alipiga kelele juu ya ua: "Hawa maharusi wanakula nini? Sioni moshi! Au wanashiba kutazamana?" Nikampelekea bakuli. Siku ya pili alikuja na bakuli lake mwenyewe.

Lakini Mama, kulikuwa na jambo ambalo sikukwambia, maana sikutaka ulale nalo. Mama mkwe alikuwa hataki niendelee na kazi. Siku ya harusi alimvuta Elia pembeni, nami nikasikia: "Mke anayerudi na jua limezama atakupikia nini? Msimu ukiisha, akae nyumbani." Na msimu umeisha. Wenzangu wengi wamerudi makwao, lakini bwana shamba aliniita akaniambia nimechaguliwa kubaki kitaluni moja kwa moja, nijifunze kubebesha mizabibu. Ni kuchukua kijiti cha mzabibu mmoja na kukiunga kwenye shina la mwingine mpaka viwe mti mmoja. Wasichana wawili tu tulichaguliwa. Jibu alilitaka Ijumaa.

Elia akasema, "Mimi nataka ubaki. Lakini mama yangu ndiye aliyenilea peke yake, sitaki kumwambia hapana kwa simu. Aje akae nasi, aone jioni zetu, halafu aseme." Nikakubali, ingawa usingizi ulinikimbia.

Mama mkwe akaja Jumanne kutoka kijijini kwao upande wa Mpwapwa, na jogoo kwapani. Ni mwembamba, mrefu, mkunga wa jadi, nusu ya kijiji kile imepita mikononi mwake. Nikapiga goti nikamwamkia, nikajaribu na Kigogo changu, "Mbukwenyi!" Akacheka sana, akasema natamka kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Jogoo tukamfunga uani.

Jumatano asubuhi nikaweka nyama ya ng'ombe yenye mifupa, karoti na viazi. Nikazungusha kitufe kwenye moto mdogo, nikamwonyesha. "Mama, usijisumbue, pumzika tu. Ila kifuniko tusikifungue, joto litatoka." Akaniitikia vizuri. Nikaenda kazini ninaimba.

Jioni tumekaa mkekani, sahani ziko tayari, nikafunua. Viazi vigumu kama mawe. Nyama nyekundu katikati. Nilidhani umeme ulikatika.

"Haukukatika," akasema mama mkwe, ametulia kabisa. "Nilikigusa, nikaona joto la kuogeshea mtoto. Nikafunua, hakichemki. Nikakoroga."

"Ulifunua mara moja, Mama?"

"Mara moja! Chungu kisichokorogwa kimetelekezwa. Nilikuwa nakitazama kila nikipita."

"Ulipita mara ngapi?"

"Mimi karani? Sikuhesabu. Na nikaongeza maji, nilikionea huruma."

Nyemo akaficha uso kwenye daftari, mabega yanatikisika. Mimi sikucheka. Mama mkwe akainuka, akawasha mkaa, akasonga ugali wa uwele na kutupikia mlenda wenye karanga, na kabla hatujachoka kungoja tulikuwa tunakula. Ulikuwa mtamu, Mama, siwezi kudanganya, na kila tonge lilinishuka kama msumari. Akamwangalia mwanawe. "Umeona? Jiko linataka mtu."

Nilitoka uani nikalia karibu na jogoo. Elia akanifuata, akachuchumaa, akanifuta vumbi miguuni kwa kanga yangu. Nikamwambia nimeshindwa. Akasema, "Hujashindwa wewe. Umemkalisha mama yangu kutwa nzima bila kazi. Huyo mtu hajawahi kukaa bila kazi tangu nimjue."

Hapo akili yangu ikafunguka. Nilikuwa nimemfanya mgeni, nikamwambia apumzike, na kitu pekee ndani ya nyumba kilichokuwa kinafanya kazi ni kile chungu. Angekiacha vipi?

Alhamisi alfajiri nikamwambia, "Mama, leo twende wote kazini kwangu." Akanitazama. "Na chakula?" Nikasema chakula ni jogoo. Akacheka kwa dharau: "Jogoo huyu ni mzee kuliko ndoa yenu na uchumba wenu pamoja. Anataka kuni kutwa nzima." Elia akamchinja kabla hajaondoka, mimi na Nyemo tukamnyonyoa, nikamkata, nikampanga chunguni na vitunguu, nyanya, tangawizi, kitunguu saumu, chumvi na maji kidogo. Saa moja nikafunika, nikafunga mlango kwa kufuli.

"Tunaacha moto ndani ya nyumba bila mtu!" alisema njia nzima. Ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, naye aligeuka nyuma kutazama moshi labda mara kumi.

Kitaluni wenzangu wakamwamkia, wakaanza utani wao. "Mkwe amekuja kukagua mali!" Mwingine akadakia, "Mama, tuachie huyu. Akiondoka, vipando vyetu atavifunga nani? Wengine hapa tunafunga kama tunafunga mizigo ya kuni." Mama mkwe alichukua ndoo akaigeuza, akaketi karibu nami, akaanza kuangalia mikono yangu.

Nikakata shina, nikalipasua kidogo, nikachonga kijiti, nikakipenyeza, nikafunga utepe taratibu. Nikafanya cha pili. Cha tatu. Kisha mama mkwe akasema polepole, "Unafunga kama anavyofungwa mtoto kitovu. Si kwa kukaza, wala si kwa kulegeza."

"Bwana shamba anasema nikikaza sana kitakufa, Mama."

"Kitakufa. Na baada ya hapo unafanya nini?"

"Tunakiweka kivulini, tunakiacha. Ukikifungua kutazama kama kimeshika, unakiua."

Mama mkwe akacheka, kicheko cha chini, kile cha mtu aliyekamatwa. Akaomba apewe kazi, akaanza kunichagulia vijiti, na mpaka jioni hakuna kijiti kibovu kilichopita mikononi mwake. Bwana shamba alimuuliza kama anatafuta ajira. Akamjibu, "Mimi naajiriwa na wajawazito."

Tulirudi saa kumi na mbili na nusu, miguu imejaa vumbi. Nikafungua kufuli. Mama, harufu! Yule jogoo mzee aliyenusurika Krismasi sijui ngapi amelainika, nyama inateleza kwenye mfupa kabla hujaivuta, mchuzi una rangi ya dhahabu, mafuta yake mwenyewe yanaelea juu. Nikasonga ugali haraka kwenye gesi. Nyemo akaingia, Elia akaingia, hakujali kunishtukiza. Saa moja na dakika chache sote tumeketi.

Mama mkwe akaanza kula. Akachukua paja, akalisukuma kwa kidole gumba, likaachia mfupa. Akautazama mfupa pande zote.

"Kule kijijini," akasema, "waume wa wanaojifungua husimama mlangoni: tayari? tayari? Huwa nawafukuza, nawaambia nendeni mkachote maji. Kumbe jana mimi ndiye niliyekuwa mlangoni."

Nyemo alicheka mpaka akapaliwa. Elia akajikaza, akasema, "Basi mama, lile la kazi ya mke wangu..."

"Lipi?"

"Ulilosema siku ya harusi. Aache kazi."

"Mimi?" Akachukua kipande kingine. "Nilisema mtu wangu asilale njaa. Umelala njaa wewe?"

Akaendelea kula, Mama, na mimi nikalala sijui nimekubaliwa au bado. Ijumaa nilipaswa kutoa jibu. Nikaamka mapema kuliko kawaida, nimepanga nimwombe kwa heshima, hata maneno nilikuwa nimeshayaandaa. Kufika sebuleni, nikakuta chungu kimewaka, ndani kuna nyama na viazi, kifuniko kimekaa sawasawa na juu yake kitambaa safi. Mama mkwe amejifunga kanga, amevaa viatu, amesimama mlangoni na mfuko wangu wa kazi mkononi.

"Mkwe," akasema, "unachelewa kazini."

Kwa hiyo, Mama, nimebaki. Nimesaini Ijumaa ile ile, yeye amesimama pembeni yangu kama shahidi. Anaondoka Jumanne, na kijijini atasimulia mambo ya chungu hiki kama vile amekigundua yeye.

Nisalimie Baba mdogo, mwambie huku nako kuna ng'ombe, asijidai. Msalimie dada na shemeji, na mtoto wao ambaye sijamwona akitembea. Na wewe Tuma, mdogo wangu unayemsomea Mama, nakujua unaruka mistari, rudia ile ya ndoo za maji. Mchungaji wetu na kina mama wa kwaya waliotuimbia, wape mikono yote miwili. Madamu wa Baiolojia mpelekee mkungu wa ndizi kwa niaba yangu, umwombe na radhi kwa lile la redio.

Barua ataileta kijana wa mama jirani anayekuja Mbeya kusoma, mpe chai yenye maziwa mengi, amekonda.

Nakupenda kuliko ninavyojua kuandika. Sasa Elia ananivuta mkono, leo tupo wanne wa kula na mmoja wetu ameshaanza kunyoosha mkono kwenye kifuniko.

Binti yako, mke wa mtu mwenye furaha,
Atupele