Nimekula Mbuzi wa Landrova na Kuku wa Pijo

Mpendwa Mama Mshauri, shikamoo.

Naomba msaada wako kabla mvua hazijaanza, maana zikianza barabara yetu huku Ushirombo inageuka uji na jambo langu litakuwa limejiharibikia lenyewe. Mimi ni mkulima, nilisoma hadi darasa la nne shule ya misheni, nisamehe nikichanganya maneno. Mke wangu Tereza alifariki mwaka jana, wiki iliyofuata Pasaka, akaniachia watoto na mashine ya kusaga. Mashine yetu haikai mahali pamoja, tangu tulipohamia kijiji cha ujamaa tuliifunga juu ya tela la magurudumu mawili na maksai wetu wakawa wanaivuta, inakaa kijiji hiki siku kadhaa, wanawake wanasaga, kisha inahamia kijiji kingine, na Tereza alikuwa anatembea nyuma yake amebeba kigogo cha kuzuia gurudumu kwenye mteremko. Unga ukianza kutoka aliukinga kwanza kwa kiganja, akaupima joto, ndipo aseme haya leteni ndoo. Mpaka leo akina mama wakisikia injini kwa mbali wanasema, Mama Justina anakuja, ingawa walimzika wao wenyewe.

Sasa maksai mmoja amekufa, na mwenzake amezeeka, anavuta kidogo halafu anasimama ananitazama. Kuna bwana mmoja kutoka machimbo ya Geita anataka kuinunua injini ya mashine akasagie mawe ya dhahabu, na amekuja mara nyingi, na kila akija mimi namkaribisha chai. Nisipopata gari la kuihamisha mashine nitamwuzia tu, sina njia nyingine, na sitaki. Kwa hiyo nimeamua kununua pikapu iliyotumika, siku nyingi ibebe magunia ya mpunga na pamba, na mara moja moja, mashine inapohama, ivute lile tela. Ng'ombe wa kuuza ninao, shida yangu si hiyo.

Kwa kuwa sijawahi kununua gari nilifanya kama tunavyofanya kwa jambo lolote zito, nikaondoka na watu: shemeji yangu Ngassa, katekista wetu Otmar, na baba yangu mdogo Apolinari ambaye ndiye aliyenisemea nilipomwoa Tereza. Tukavaa vizuri tukaenda kwanza Kagongwa kwa mzee Bujiku, ana Landrova ndefu, ya kijani, rangi mpya inang'aa mpaka uvunguni.

"Mwangaluka! Karibuni mkae kwanza," mzee Bujiku akasema, "gari halikimbii."

"Kama halikimbii tumefuata nini?" akasema Ngassa, tukacheka wote, tukakaa.

Baba mdogo akauliza lilikuwa kwa nani kabla, tukaambiwa kwa bwana mmoja wa pamba, mtu mtaratibu sana. Otmar akauliza lina tabia gani.

"Halina ubaya hata mmoja," akasema mzee.

"Na linakunywaje?" akauliza Ngassa.

"Kwa adabu."

Akachinja mbuzi. Tukala mpaka jua likapinduka, na tulipokuwa tunanawa mzee Bujiku akaniuliza, "Basi, niwaambie wengine wasije?" Wenzangu wote wakanigeukia, midomo yao bado ina mafuta, nami nikasema sawa, mzee. Tulipofika nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba hatukufungua hata boneti.

Moyo haukutulia. Nikasikia kuna Marselino huko Ushetu anauza pikapu ya Pijo aliyokuwa anabebea tumbaku, tukavaa tena tukaenda. Huyu hakutukalisha, alitupakia akatuzungusha shambani, na njia nzima anapiga kelele dirishani, "Gia ya pili inaruka! Ukiteremka lazima uishike na mkono! Na kiti hiki hakina springi, mama yangu hukalia mto!" Katekista akaninong'oneza, "Baba Justina, mtu anayeisema vibaya mali yake mwenyewe, sisi tumwaminije?" Lakini tuliporudi, mke wa Marselino, Melania, alikuwa amekwisha kuchinja kuku, na firigisi akaniwekea mimi. Nikala. Nikamshukuru, wabeja, mayu, na Marselino aliponiuliza, nikasema sawa.

Basi Mama, magari mawili yananingoja. Bujiku ametangaza mnadani kwamba Landrova ni yangu. Marselino amemrudisha mwalimu mmoja aliyeitaka ile Pijo. Ngassa anasema nichukue Landrova kwa sababu mbuzi ni mkubwa kuliko kuku. Otmar anasema tupige kura baada ya misa. Kwetu ukishakula kwa mtu ukashiba, kumwambia hapana ni kama kumtapikia uani.

Tereza ndiye aliyekuwa akinunua vitu nyumbani. Muuzaji akisifia bidhaa yake, yeye aliweka kikapu chini akasema neno moja tu, "Bado," na muuzaji mwenyewe anaanza kumwonyesha mbovu za chini ya fungu. Mimi nalijaribu neno hilo nikiwa shambani peke yangu na linatoka vizuri, lakini nikimwona mtu mbele yangu linageuka kuwa sawa.

Nichukue lipi, na yule mwingine nimwambieje nami nimekula kwake?

Ni mimi,
Baba Justina, Ushirombo

* * *

Baba Justina, marahaba, ingawa nadhani umri wetu ni mmoja.

Pole sana kwa kuondokewa na mwenzako. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Mara ya pili nilikwama pale akina mama wanaposikia injini, nikaiweka chini kidogo.

Sasa tuongee. Watu wazima wanne mmesafiri mpaka Kagongwa, mmeuliza ukoo wa gari, tabia zake na unywaji wake, na hakuna hata mmoja wenu aliyeomba ufunguo! Hata kwenye posa, baba, binti huitwa apite na maji ya kunawa ili wageni waone anavyotembea. Nyinyi mmeposa kilichosimama.

Kuhusu mbuzi, lala usingizi. Mzee Bujiku alichinja kwa sababu wageni walitoka mbali, na wageni walishukuru. Hilo limeisha. Kosa lako si kula. Kosa lako ni lile "sawa", tena umelisema mahali pawili, na kwa ajili yake mwalimu wa watu amekosa gari ambalo hata wewe huna hakika nalo. Huo upole unaojisifia kidogo katika barua, usifikiri siuoni, unamsumbua mwenzako kuliko ambavyo hapana ingemsumbua. Na usihangaike kulitafuta lile "Bado" la Tereza. Lilikuwa lake, alilifanyia mazoezi maisha yake yote. Wewe tumia hapana, ni rahisi zaidi.

Mimi si fundi. Lakini marehemu mume wangu aliendesha lori, na nimeshika tochi chini ya magari mengi kuliko unavyodhani. Gari la kazi hupakwa rangi juu lipendeze. Likipakwa na uvunguni kabla tu ya kuuzwa, mimi hujiuliza kuna nini huko. Huenda ni bure. Huenda pia ni chasi iliyopasuka ikachomelewa, na tela lako linavutwa na chasi, halivutwi na rangi. Zaidi ya hapo, Landrova ndefu inakunywa, na petroli mnajua nyinyi wenyewe mnavyoipangia foleni. Wewe siku nyingi unabeba magunia. Nunua gari la magunia, halafu tafuta namna ya kulisaidia siku ile moja ya kuvuta. Ukinunua gari la siku ile moja, litakufilisi siku nyingine zote.

Kwa hiyo ni Pijo. Na katekista wako nimsalimie kwa namna ya pekee: mtu mzima anayefundisha wenzake kutubu, amekutana na muuza gari anayeungama makosa ya gari lake kabla hajaulizwa, halafu akamtilia shaka! Marselino amekutajia mabaya mawili bure. Bujiku hajakutajia hata moja, na hakuna gari kuukuu lisilo na ubaya, kama ambavyo hakuna mjane asiye na kisa.

Lakini hata Pijo usiichukue kwa macho. Mwambie Marselino ailete kwako. Fungeni tela, mkaipandishe ule mteremko wenu wa kigogo, na katikati ya mlima mwambie asimame kabisa, kisha aondoke tena. Ikirudi nyuma, au klachi ikitoa harufu ya kuungua, mshukuru, mpe chakula yeye safari hii, na usinunue. Ikipanda, bado ile gia ya pili itengenezwe kwanza, na wewe ukiwepo. Kwa magunia unaweza kuishika kwa mkono ukaimba. Kwenye mteremko, tela linakusukuma mgongoni, mkono wako unatakiwa kwenye usukani.

Kulabu ya kuvutia ifungwe kwa nati kwenye chasi, si kwenye bampa, na uongeze mnyororo wa pili endapo kulabu itaachia. Siku ya kuhama, injini ya mashine ifunguliwe, vijana waipandishe nyuma ya pikapu, karibu na kebini ya dereva, na tela lifuate likiwa jepesi. Ni kazi ya asubuhi moja. Kigogo cha kuzuia gurudumu kiendelee kuwapo, na atafutwe mtu wa kutembea nacho.

Yule bwana wa Geita usimpe tena chai. Mwambie injini haiuzwi, ukiwa umesimama mlangoni.

Imebaki Kagongwa. Huko unakwenda wewe mwenyewe, kesho, wala si baada ya misa, wala kwa kutuma mtu. Ngassa na mizani yake ya mbuzi abaki nyumbani. Kula kwako ushibe. Fika mapema, kabla jiko la mwenyeji halijawashwa, na akikuambia ukae, usikae. Mwambie hivi: "Mzee, nilisema sawa kabla sijaangalia. Hilo ni kosa langu, naomba radhi. Gari silichukui." Kisha nyamaza. Usiongeze habari za mvua, wala za watoto, wala za marehemu, maana ukiendelea kuongea nakujua, utaishia kulinunua. Atakasirika, na ana haki. Atakuambia maneno kuhusu mbuzi. Yasikilize mpaka yaishe, kisha umuage mzee vizuri.

Lile "sawa" litakujia mdomoni. Limeze, useme hapana, halafu toka barabarani upande lori la kwanza linaloelekea Ushetu, kwa Marselino.

Mwanaima