Presha Haipitii Kwenye Buni

Balthazari, ndugu yangu wa mkago,

Sikuamkii. Ulipokuwa hai uliitikia ukijisikia, sembuse sasa.

Mkeo hajambo, amenenepa hata. Kukuhudumia wewe ilikuwa kazi. Lakini lililonishikisha kalamu ni mwanao Fidelisi. Alipimwa presha pale zahanati ya Nyakatuntu, ikaonekana iko juu, akapewa vidonge vya kumeza kila siku. Akameza mpaka kichwa kikaacha kuuma, kisha akavitupia juu ya kabati. Kama wewe. Kama wewe kabisa, na ndiyo maana nikaogopa. Nawe ulisema, "Siumwi, nimeze za nini?" Ukaanguka shambani, mdomo umepinda, unaniangalia... Basi. Tuliache.

Nikaenda kwa nesi. Nikamwambia mimi na marehemu tulichanjwa mkago tumboni, kila mmoja akameza buni yenye damu ya mwenzake, kwa hiyo presha ya Balthazari hakika ninayo. Binti yule alicheka mpaka akashika meza. "Babu, presha haiambukizi!" Ila hutembea katika ukoo, akasema, na haina kelele. Moyo unasukuma damu kwa nguvu mno, mishipa inavumilia, wewe unalima na kucheka, halafu siku moja mshipa wa kichwani unaziba au unapasuka. Nikamwelewa palepale: dumu la rubisi lililokazwa kifuniko! Linavimba kimyakimya, mwenye nyumba anajisifu pombe imetulia. Kidonge kinalegeza kifuniko, kesho kifuniko kinajikaza tena. Akaniambia ningefaa kufundisha. Akanipima. Nami ninayo! Ya kwangu mwenyewe, siyo yako, usijidai.

Fidelisi nilipomwendea alinijibu, "Baba mdogo, mimi nina nguvu, ona magunia ninayobeba." Sikubishana. Wa mkago akiomba hanyimwi, hata na watoto wako. Nikasema, "Naomba kwa tumbo la baba yako lililochanjwa. Sitaki mbuzi. Meza kidonge kila asubuhi, mbele yangu." Akanuna. Mkewe akaleta maji kabla hajamaliza kununa.

Sasa kila asubuhi napiga hodi kwake. Anameza chake, nameza changu, tunaachama midomo kukaguana kama watoto wa kliniki. Majuzi alipimwa, imeshuka. Unajua mjinga wako alisema nini? Eti amepona, aache! Nikamwambia imeshuka kwa sababu unameza, kichwa kama cha baba yako. Akacheka. Kicheko chako kilekile, Balthazari. Nilijifanya nafunga kiatu.

Pumzika, ndugu yangu. Sina tena mtu wa kumtukana akanielewa. Ila nakuahidi hili: nikiugua nisitembee, mke wa Fidelisi ameshakubali kushika zamu yangu, na yule hadanganyiki. Mwanao hutamwona huko mpaka awe mzee msumbufu kama mimi.

Nami pia usiniwekee kiti, sina haraka.

Petro wako