Kilima Kikinyamaza

Mpendwa mdogo wangu Alwyn,

Pokea salamu zangu, nyingine umpe wifi yangu Trudy, na za watoto uzigawe sawasawa wasigombane. Natumaini vumbi la migodini halijakukaa kifuani na kwamba mnalala na kuamka salama. Sisi huku Korumburra tu wazima, kwa kadiri mtu anayeamkia viwele vya ng'ombe anavyoweza kuwa mzima. Shemeji yako Merv mgongo unamsumbua, lakini kwa kelele anazopiga najua hatakufa leo. Mvua imetukimbia. Majani yameungua yote, na ng'ombe wananitazama kama vile mimi ndiye niliyeyala.

Uliniuliza kwenye simu ilikuwaje Baba akakubali kuhamia nyumba ya wazee mjini bila ugomvi, nikakujibu kwamba hatimaye amekua. Lilikuwa jibu la kukutoa njiani. Kaa kitako sasa nikueleze.

Unakumbuka tulipomzika Mama, mashangazi walivyomzunguka Baba wakimtaka auze ng'ombe ahamie mjini. Akawaacha waseme mpaka skonzi zikaisha sahanini, kisha akasema siku kile kilima cha kijitoni kikinyamaza atafunga virago mwenyewe, na kabla ya hapo mtu asimsumbue. Shangazi Bronwen akasema, "Makubwa! Mtu mzima na ndevu zake anapangiwa maisha na nyungunyungu!" Baba akamjibu kuwa ni afadhali yeye, kwani wapo wanaopangiwa na majirani.

Na wewe unajua alivyowapenda viumbe wale, nyungunyungu warefu kuliko mtu wanaoishi chini ya kilima, ukikanyaga juu wanakimbia mashimoni mwao kwa sauti. Hakuna mgeni aliyekunywa chai kwetu akaondoka bila kupelekwa kukanyaga kile kilima. Trudy wako alikuja mara ya kwanza na vile viatu vyeupe, maskini, Baba akamwambia apige mguu chini kwa nguvu. Lile gulugulu likapita chini yake kama maji ya beseni yanayokimbilia tunduni, naye akaruka akakudandia shingoni. Baba akakunong'oneza kwa sauti ya kusikika mpaka zizini, "Oa huyu, ana masikio." Watoto wa shule walipotengeneza nyungunyungu wao wa kitambaa wa kubeba barabarani siku ya sherehe, walikuja kwake kuuliza urefu wa yule wa kweli, akawaambia, "Ananizidi urefu, na adabu pia ananizidi." Kuna bwana mmoja wa kamera alitaka avutiwe mmoja nje ampige picha. Baba akamwambia huyu ukimvuta anakatika, na akikatika ndio basi, haungiki; kama anawashwa mikono na akavute kamba ya kengele kanisani.

Kwa hiyo kila asubuhi, tukishakamua, alikuwa anateremka peke yake, anakanyaga, anarudi jikoni na neno moja tu: "Wapo." Merv alikuwa ananikonyeza na kusema basi, tunaye mwaka mwingine. Tulicheka, Alwyn. Kwa muda mrefu ilikuwa ni kicheko.

Kisha mwezi wa saba, katikati ya mvua, akateleza pale kilimani. Alilala kwenye tope mpaka Merv alipokwenda kuwaleta ng'ombe wa jioni akamkuta, midomo ya buluu, bado anabisha kwamba alikuwa anapumzika. Baada ya hapo sikulala usingizi wa maana. Nilimvalisha, nilimwogesha, nilikimbia zizini na kurudi kumtazama kama bado yuko kitini. Alikuwa ananifokea, nami nikaanza kumfokea, halafu nakwenda kulia kwenye chumba cha mapipa ya maziwa. Sikukwambia kwa sababu ungepanda ndege na kazi ungepoteza.

Mwezi wa tisa akasema anakwenda kilimani, tupende tusipende. Nikamshika mkono nikateremka naye. Alipofika akaketi kwenye kisiki akavua buti na soksi. Nikamuuliza, kulikoni, Baba, unataka homa nyingine? Akasema nyasi za babake hazijawahi kumuua mtu. Akasimama peku, akanishikilia bega, akanyanyua mguu akaupiga chini.

Walipita, Alwyn. Walipita kwa sauti kubwa ambayo sijaisikia tangu utoto wetu, gulugulu lile likakimbia kutoka kwenye kisiki mpaka kijitoni. Nikamgeukia kwa furaha, nikakuta yeye hatazami chini. Ananitazama mimi mdomoni. Ndipo nikafahamu. Hakuwa amesikia kitu, na huenda ni miaka hajasikia. Vile vifaa vyake vya kumsaidia kusikia vilikuwa vimelala kwenye kikombe juu ya friji, na zile "Wapo" zote alikuwa anabuni tu.

Akaniuliza, taratibu sana, "Eh, Glenys? Wanasemaje?"

Nikamwambia, "Kimya, Baba."

Basi, ndiyo hiyo siri. Sikuteleza ulimi. Nilijua ninasema nini na kwa nini ninasema. Akazamisha vidole vya miguu kwenye udongo, kisha akasema, "Haya, mwenye masikio ni wewe." Akavaa buti. Jioni ile akaanza kukunja mashati yake, na nilimwona nikamwacha akunje.

Sikukuu ya Krismasi tulimchukua kuja kula nyumbani. Kofia ya karatasi kichwani, kondoo wa kuoka mdomoni, akaniinamia akasema, "Masikio yangu yamekufa, binti, lakini nyayo zangu hazijambo. Siku ile mmoja alinipita chini ya kisigino." Nikamuuliza, sasa kwa nini ulikubali? Akasema alinitazama uso. Akasema mtoto wake hajui kudanganya, na akishafika mahali pa kudanganya ujue mzigo umemshinda. Kisha akaomba aongezewe mchuzi.

Ungedhani yameisha hapo. Hayakuisha. Kila Jumapili nikienda kumwona haniulizi ng'ombe wala Merv, ananiuliza kilima. Nami nimejiapiza sitamdanganya tena. Sasa tangu ukame huu uanze ninakanyaga kila asubuhi, juu, chini, kandokando ya kijito ambacho hakina maji, na hakuna sauti. Hakuna kabisa. Labda wameshuka chini sana kufuata unyevu. Labda wamekufa, na walikuwa hapa kabla ya babu wa babu yetu. Naogopa kuchimba kuwatafuta, maana jembe ndilo litawaua. Jumapili iliyopita nikamwambia ukweli: Baba, kimya. Akacheka. Akanipigapiga mkono, akawaambia wenzake mezani, "Huyu binti yangu huyu! Akikwambia kimya, ujue wamejaa tele."

Na ameshaalika nyumba nzima ya wazee. Wataletwa na gari lao mwezi ujao, fimbo na viatu vya shughuli, waje kukanyaga. Baba atavua buti mbele yao wote.

Nakuomba uje kabla ya siku hiyo. Sitaki pesa wala msaada wa zizini. Njoo ukanyage, kisha ukamwambie ulichosikia, kiwe kizuri au kibaya. Wewe hujawahi kumdanganya, atakuamini. Mimi nimeiuza imani yake kwangu nikapata usingizi, na usingizi wenyewe siupati.

Leo alfajiri nilivua buti nikasimama pale kwenye kisiki. Nadhani kitu kilipita. Sina hakika, na sitamwambia mpaka uje.

Merv anakusalimu, anasema uje na mvua. Wabusu watoto. Mwambie Trudy asisahau vile viatu vyeupe, Baba bado anaviulizia.

Mimi dadako akupendaye,
Glenys