Aliyesimama Mbele ya Gari la Naibu Sherifu

OFISI YA SHERIFU, KAUNTI YA TALMORE, JIMBO LA GEORGIA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Verdelle Hightower
Umri: Miaka 74
Kazi: Mwalimu mstaafu, Shule ya Msingi ya Shady Fork
Makazi: Nyumba namba 118, Barabara ya Old Quarry
Tarehe: Alhamisi, 24 Aprili 2025. Yameanza kuandikwa saa 3:10 asubuhi.

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Sikuitwa na mtu yeyote. Nimekuja kueleza jambo lililotokea siku ya kumzika dada yangu, kwa sababu mtu mwingine ameshtakiwa kwa jambo hilo, naye amepewa mpaka kesho Ijumaa saa sita mchana akubali kosa.

Mnamo tarehe 8 Machi 2025, siku ya Jumamosi, tulimwombea dada yangu Ozella Hightower katika Kanisa la Baptisti la Shady Fork. Ibada ilikwisha saa 7:25 mchana. Msafara wa kwenda makaburini ulikuwa na magari ishirini na matatu, yote yakiwa yamewasha taa za mbele. Gari lililobeba jeneza lilitangulia. Mimi nilikuwa katika gari la pili, la familia, kiti cha nyuma upande wa kulia.

Saa 7:40 tulifika njia panda ambapo Old Quarry inakatana na barabara kuu. Bwana Cleophus Mabry, mfanyakazi wa nyumba ya mazishi ya Tillery, inayoandaa na kuendesha mazishi ya hapa kwetu, alikuwa amesimama katikati ya njia panda, amevaa suti nyeusi na glovu nyeupe, ameinua mkono kusimamisha magari ya barabara kuu. Kazi hiyo ameifanya kwa miaka kumi na tisa. Magari yalisimama. Mwenye lori la kuni alivua kofia.

Gari lenye jeneza lilipita. Kabla gari letu halijaingia njia panda, gari la sherifu lilitokea kulia, likayapita yaliyosimama na kupiga honi mara mbili. Taa zake za buluu hazikuwaka. King'ora hakikulia. Kioo changu kilikuwa wazi, na masikio yangu hayana tatizo lolote.

Aliyekuwa akiendesha ni naibu sherifu ambaye sasa najua anaitwa Strand. Alitoa kichwa dirishani akasema, "Wewe mzee wa glovu, toka hapo nipite."

Bwana Mabry alisema, "Afande, ni mazishi. Nipe dakika tatu tu, wote watakuwa wamepita."

"Nimekuomba? Nimesema toka."

Bwana Mabry alishusha mkono, akarudi nyuma hadi ukingoni mwa barabara. Naomba jambo hili liandikwe waziwazi: aliambiwa atoke, akatoka. Hakubishana wala hakutukana.

Ndipo gari la sherifu lilipoanza kusogea liingie kati ya jeneza na sisi. Kwetu mtu hakati msafara wa mazishi. Hata walevi hawafanyi hivyo. Nilifungua mlango, nikashuka, nikaenda kusimama mbele ya gari hilo. Nilikuwa karibu nalo kiasi kwamba fimbo yangu ya kutembelea iligusa bampa.

Nilimwambia, "Kijana, yule aliyetangulia ni dada yangu. Hupiti kati yetu."

Akasema, "Mama, ondoka barabarani. Sitaki kukuumiza."

Nikamwambia, "Gari la mwisho likipita, nitaondoka bila kuambiwa."

Sajenti Coombs, anayeandika maelezo haya, amenisimamisha hapa. Amenieleza kwamba haya ninayoyasema yanaweza kunifanya mimi niwe mshtakiwa, na kwamba nina haki ya kunyamaza na kumwita wakili. Nimeelewa. Ameniuliza kama ningependa iandikwe kwamba nilisimama karibu na gari. Sikusimama karibu na gari. Nilisimama mbele yake, kwa makusudi, ili lisipite. Ninaendelea.

Nilisimama pale kama dakika nane. Nyuma yangu dereva wa gari letu aliogopa kusogea, kwa hiyo msafara mzima ulikwama. Binamu yangu Lavonia alipiga kelele kutoka dirishani, "Verdelle, rudi garini, utatuzikisha wawili leo!" Bwana Mabry alitoka ukingoni, akaja kunishika mkono. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, twende. Ozella hana haraka, atakungoja."

Bwana Mabry alikuwa bado amenishika mkono, naibu sherifu aliposhuka garini. Hakunigusa mimi. Alimgeuza Bwana Mabry, akamlaza kifudifudi juu ya boneti na kumfunga pingu juu ya zile glovu nyeupe. Baada ya kumfunga ndipo alipowasha taa za buluu. Nilimwambia, "Umekosea mtu. Niliyekuzuia ni mimi." Kwa nini hakunikamata mimi, sijui, wala sitakisia.

Bwana Mabry aligeuza uso akasema, "Mwalimu, nenda ukazike. Hili niachie."

Nilikwenda.

Tulimzika Ozella saa 8:30. Jumatatu yake nilimpigia simu Bwana Tillery, mwenye nyumba ya mazishi. Alisema, "Usijisumbue, Verdelle. Kesi hizi zinamalizwa kwenye korido. Hakuna anayekwenda jela." Nilimwamini. Nilikuwa na msiba nyumbani, na kuamini kulikuwa rahisi kuliko kufuatilia. Kosa hilo ni langu.

Mnamo tarehe 22 Aprili, siku ya Jumanne, nilikwenda mahakamani kusikia kesi ikitajwa. Nilifika saa 2:40 asubuhi, nikakaa kwenye benchi la korido, nje ya chumba cha pili. Saa 3:00 alitoka mwendesha mashtaka msaidizi, Bi Brandt, akiwa na sanduku la majalada. Alikuwa akiita jina, anasimama na mtu kando ya dirisha, anasema maneno yale yale: shitaka la kumzuia ofisa linaondolewa, unakubali kosa la fujo mahali pa umma, saa ishirini za kufanya usafi wa barabara, hakuna jela, saini hapa.

Nilihesabu, kwa kuwa nimezoea kuita mahudhurio. Siku hiyo walikuwapo watu kumi na wanne wenye shitaka la kumzuia ofisa. Kumi na mmoja walisaini kabla ya saa 4:30. Wawili walifutiwa kwa kuwa ofisa aliyewakamata hakutokea. Hakuna aliyechukua zaidi ya dakika nne. Hakuna aliyeulizwa kilichotokea.

Kijana mmoja mwenye suruali yenye madoa ya rangi, aliyekaa karibu nami, alisema, "Bibi, hapa ni kama kinyozi mwenye mtindo mmoja. Unakaa, unanyolewa, unasema asante."

Nikamuuliza, "Wewe ulimzuia ofisa?"

Akasema, "Nilimuuliza ananikamatia nini. Kumbe ndiyo hiyo hiyo." Aliitwa akaenda kusaini.

Bwana Mabry ndiye wa kumi na nne. Wakili aliyepangiwa na mahakama, Bwana Feld, alimwambia, "Chukua, mzee. Ukishindwa mbele ya jopo la raia wanaoamua kesi, hakimu anaweza kukupa miezi kumi na miwili."

Bwana Mabry alisema, "Na leseni yangu?"

Bwana Mabry amesoma miaka miwili, akafaulu mtihani wa usimamizi wa mazishi akiwa na miaka hamsini na minane. Bwana Tillery ni mgonjwa, na anataka kumwachia nyumba ile ya mazishi, ambayo haiendeshwi bila leseni. Fomu ya leseni ina swali moja kuhusu makosa: umewahi kukubali kosa lolote mahakamani? Fujo mahali pa umma ni kosa. Wakili alisema, "Hiyo leseni siwezi kuijibia. Jela ninaweza: ukisaini, huendi."

Kisha wakili alimsomea taarifa ya naibu sherifu. Nilisikia kwa masikio yangu. Imeandikwa kwamba mshtakiwa alisimama mbele ya gari kwa mwili wake na kukataa kuondoka, huku taa za buluu zikiwaka, ofisa akiwa njiani kupeleka hati ya wito.

Nilisimama kutoka kwenye benchi, nikamuuliza Bwana Mabry kwa nini hakusema aliyesimama alikuwa nani.

Alijibu, "Mwalimu, kazi yetu ina sharti lake. Anachokifanya mfiwa siku ya mazishi tunakizika hapo hapo. Wapo waliorukia kaburini, wapo waliomchapa mchungaji kibao. Umewahi kusikia nikisimulia? Na lako sitalisimulia."

Nikamwambia, "Na ukikosa leseni?"

Akasema, "Nimechoka, Mwalimu. Acha nisaini tu nirudi kazini."

Nilimkataza. Nimefundisha nusu ya kaunti hii, naye alikuwa darasani kwangu mwaka 1977, na hata leo nikimkataza anasikia. Aliiweka kalamu chini. Bi Brandt alimwandikia kwamba mwisho wa kukubali ni Ijumaa, saa sita mchana. Asipokubali, kesi itasikilizwa tarehe 12 Mei.

Sharti lile linamfunga Bwana Mabry. Mimi halinifungi.

Naongeza jambo moja. Bwana Feld amenieleza kwamba kamera za magari ya sherifu huanza kurekodi taa za buluu zinapowashwa, na kwamba rekodi ya siku hiyo inaanzia saa 7:52, Bwana Mabry akiwa tayari amefungwa pingu. Kama taa ziliwaka nilipokuwa nimesimama, kama taarifa inavyosema, rekodi ya mimi nikisimama iko wapi? Naomba itafutwe. Nitafurahi kuiona.

Kama kosa lilitendeka pale njia panda, nililitenda mimi. Sikubali fujo. Sikufanya fujo. Nilimzuia ofisa, na nikiitwa nitaeleza sababu mbele ya jopo, si kando ya dirisha.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda. Nimesomewa yote, nimerekebisha neno moja, na ni kweli.

Sahihi: Verdelle Hightower

MAONI YA OFISA: Nimeandika maelezo haya kama yalivyotolewa. Shahidi alionywa juu ya haki zake na kuchagua kuendelea. Nakala imepokelewa na ofisi ya mwendesha mashtaka saa 5:20 asubuhi. Shahidi alikataa kuondoka kituoni kabla ya kupewa stakabadhi yenye saa ya kupokelewa, amepewa. Saa 9:05 alasiri Bi Brandt amenijulisha kwa simu kwamba shitaka dhidi ya Cleophus Mabry limefutwa, na kwamba hakuna shitaka litakalofunguliwa dhidi ya shahidi. Nimempigia shahidi kumjulisha yote mawili. La kwanza ameshukuru. La pili ameuliza ni nani aliyeamua hivyo, na kwa nini Bwana Mabry hakuamuliwa hivyo hivyo tangu siku ya kwanza. Ameagiza iandikwe kwamba aliuliza.

Sajenti R. Coombs