Njiwa wa Chini ya Daraja la Reli

Dada Tekla,

Usiucheke mwandiko huu. Ni wangu mwenyewe, sikumpa mtu aniandikie. Mwalimu wetu wa kisomo alisema kila mmoja aandike barua kwa mtu anayemkumbuka, ailete asahihishiwe. Wenzangu wakaandika kwa watoto wao walioko Dar es Salaam. Mimi nilikaa na penseli mpaka darasa likaisha, maana ninayemkumbuka amezikwa nyuma ya kanisa. Basi naandikia nyumbani, na mwalimu hataiona. Penye makosa utanisamehe, kama ulivyozoea.

Ni miezi minane sasa. Pale chini ya daraja bado tunauza. Mahali pako hapajakaliwa na mtu. Wapakiaji wa bandarini wakitoka zamu wanaulizia uji wa ulezi wa yule mama wa Songea, na wale wasiojua inabidi tuwaambie. Kila mara napangiwa kuwaambia mimi. Sijazoea.

Nina jambo la kukueleza, ila nalianzia mbali, kwa sababu nikilitaja ghafla mkono utakataa.

Unakumbuka daraja lilivyokuwa tulipolihamia. Reli ilikwisha kung'olewa, mumeo na wenzake wa reli wakapelekwa kazini bara, wewe ukabaki hapa kusubiri barua zake mpaka ukaacha kusubiri. Juu hapakupita treni tena, chini kukawa na kivuli kizuri njiani pa wapakiaji, na sisi wanawake tukaja na masufuria yetu. Na njiwa nao wakaja. Waliona kama sisi tulivyoona, kwamba pametulia. Wakajaa kwenye vyuma vya daraja, safu kwa safu, na kinyesi chao kikawa kinatuangukia asubuhi hadi jioni. Wewe ulikuwa unafunika chungu chako cha uji kwa ungo, mimi samaki wangu kwa majani ya mgomba.

Halafu siku ile kikaanguka kwenye sahani ya karani wa bandarini. Mchuzi ukamrukia shati jeupe kifuani, na mimi nikacheka. Wote mlijizuia, mimi nikacheka. Najua kucheka kwangu ndiko kulikotuponza. Kesho yake bwana afya akaja na karatasi, na kwa kuwa ni wewe uliyejua kusoma ukatusomea: mwezi mmoja, ama njiwa waondoke ama sisi tuondoke.

Tulihangaika, dada. Tulipiga madebe, tulitikisa miti mirefu, tulichoma makumbi ya nazi. Njiwa wakaruka, wakazunguka juu ya barabara, wakarudi. Moshi ulitufukuza sisi. Wiki ya pili ilipokwisha mimi nilikuwa nimekata tamaa. Mume wangu alikuwa amekwisha kufa, shamba la mikorosho kule Mtawanya walikuwa wamelichukua ndugu zake, na ile meza yangu ya samaki ndiyo iliyokuwa inanilisha. Jumamosi nikakwambia, "Nitawamaliza hawa." Ukaniambia, "Somoe, punguza hasira." Tukaagana.

Jumapili ukaenda kanisani. Bandarini hapakuwa na kazi, pale chini hapakuwa na mtu. Nikachukua mahindi ya kuvunja, nikayachanganya na dawa ya panya, nikapanda juu ya debe, nikayamwaga kwenye kingo za nguzo zote nne. Kisha nikaenda nyumbani kusuka ukili wa mkeka.

Sikufikiri kitu kingine chochote. Hilo ndilo linalonitesa. Sikufikiri kwamba watu watapita, wataona njiwa wanaanguka wakipapatika, na watafurahi. Siku hizo nyama ilikuwa adimu kwetu. Walikimbilia visu wawachinje kabla hawajafa, wakawabeba nyumbani.

Wewe ulipotoka ibadani ukapita pale, ukaona punje kwenye nguzo, ukaona manyoya njia nzima. Ulijua papo hapo. Nilikuona ukipita mbele ya nyumba yangu, viatu mkononi, umekamata gauni lako la kanisani, unakimbia. Hukunitazama. Uliingia nyumba ya kwanza, ukaingia ya pili, unasema, "Msile, msile hao ndege." Wakakusikiliza. Nyumba ya tatu ilikuwa ya Asumini, jirani yangu na mwenzetu wa pale darajani, naye alikuwa ameshaanza kupakua. Watoto wamekwisha kunawa. Ulipiga teke sufuria. Mchuzi ukamwagika mchangani na ukakuunguza mguu.

Nilimsikia Asumini akikutukana. "Wewe mwanamke wa bara umeingiwa na nini? Umewaona wanangu wameshiba?" Nilisikia kila neno, nikaendelea kusuka. Alinyamaza paka wake alipokula ile nyama ya mchangani na kuanza kujinyonganyonga miguuni kwake.

Jioni ulikuja uani kwangu unachechemea. Nilikwisha kupanga maneno ya kujitetea. Ulisimama tu ukasema, "Somoe, watoto wa Asumini ni wanne." Ukageuka ukaenda zako.

Watu walikuuliza umejuaje. Ukawajibu umeona punje, basi. Walipokuuliza ni nani aliyeweka, ulisema hukumwona mtu. Kweli hukuniona. Ila ulijua, na mimi nilijua kwamba unajua, na siku tisa tulikaa pale chini ya daraja bega kwa bega bila salamu. Siku ya kumi ukaniambia, kama vile tulikuwa katikati ya mazungumzo, "Kaka yako wa Msimbati si ana nyavu za zamani?"

Hiyo ndiyo ilikuwa akili yako. Mimi niliwaza kuua, wewe uliwaza kuziba. Kaka akaleta nyavu zilizochakaa kwa kuvulia papa, tukakaa tunazishona viraka, na ngazi ukaiomba kwa mafundi wa kanisa. Nikadhani tutafunga siku hiyohiyo. Ukapanda, ukashuka, ukasema hapana, mle ndani mna makinda hawajaota manyoya, tukifunga sasa watakufa kwa njaa na wataoza juu ya vichwa vyetu. Mwezi wa bwana afya ulikuwa umebakiza siku tatu! Nilitaka kulia. Wewe ukajifunga kitenge ukaenda ofisini kwake. Uliporudi ulituigizia alivyosema, "Mama, mimi bwana afya, unaniombea likizo ya njiwa?" Tulicheka mpaka Asumini akaketi chini. Lakini bwana afya alikupa wiki tatu.

Tukangoja. Makinda wakaruka. Tukafukuza wakubwa kwa miti, tukakwangua viota, tukafunga wavu kuanzia nguzo hata nguzo. Njiwa walirudi, wakagonga wavu kwa mabawa, wakakaa juu ya ukingo wa daraja siku mbili wakitutazama. Siku ya tatu wengi walikwenda kwenye maghala ya bandari. Bwana afya alipita, akainua kichwa, akaandika kwenye kitabu chake, akaomba uji.

Siku moja tulipokuwa tunaosha vyombo nilikuuliza kwa nini hukunitaja. Ulisema, "Wangekufukuza. Na mimi ningebaki na nani?" Ukaendelea kusugua chungu.

Kisha kifua kikakuanza. Hospitalini nilikuja kila alasiri na samaki, nawe ukawa unawagawia wenzio wa vitanda vya jirani. Ile siku ya mwisho nilipoanza kulia uliniambia, "Kalilie nje, wagonjwa wamelala." Nikatoka nje, nikalia. Niliporudi ndani ulikuwa umelala na wewe. Sikukuamsha. Asubuhi wakatuletea habari.

Sasa nafika kwenye lile jambo.

Mwezi wa nne baada ya kukuzika, tulikuwa tumekaa pale chini, kazi imepungua, mazungumzo yakafika kwenye njiwa. Mmoja wetu, simtaji, akasema, "Marehemu Mungu amsamehe, lakini ile sumu aliiweka yeye. Kama si yeye, angejuaje akimbie?" Nikangoja mtu amkatalie. Asumini akatikisa kichwa polepole, akasema, "Hata mimi nimekuwa nikiwaza hivyo. Alimwaga chakula cha wanangu kwa sababu alijua alichofanya."

Na mimi, dada, nilinyamaza. Niliinamisha kichwa nikageuza samaki kwenye kikaango. Nilijiambia wewe umeshapumzika, maneno hayakufikii, na mimi ndiye ninayepaswa kula kesho. Nilijiambia hivyo siku sita. Siku ya Ijumaa nilimsikia mpakiaji mgeni anamwambia mwenzake, "Hapa ndipo yule mama wa uji aliua njiwa kwa sumu." Mtu ambaye hakuwahi kukuona.

Nikasimama. Nikashika nguzo. Nikasema kwa sauti, wote wasikie, "Ile sumu niliiweka mimi, Somoe binti Saidi. Tekla alikuwa kanisani. Alijua ni mimi, akanisitiri."

Asumini aliniuliza jambo moja tu. "Nilipokuwa namtukana, wewe ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nasuka ukili."

"Ukinisikia?"

"Nilikuwa nakusikia."

Akatema mate chini, akakusanya vyombo vyake, akaenda kuuzia upande wa pili wa nguzo.

Sikwambii uongo kwamba nilipata nafuu. Nilikosa wateja. Nani ale samaki wa mtu aliyetia sumu? Wapakiaji walipita meza yangu kama haipo. Nilikuwa narudi na samaki nyumbani, nawakausha, nawala mwenyewe mpaka nikawachukia. Nilimtumia salamu dada yangu wa Madimba kwamba pengine nitahamia kwake, nikalime muhogo.

Kisha upepo wa kusi ukapasua wavu. Tundu likawa kubwa, na njiwa wakaanza kuingia wawili watatu. Wenzangu wakasema litatengenezwa, litatengenezwa, na kila mtu akawa na kazi. Jana saa sita nikaomba ngazi, nikapanda peke yangu. Unajua ninavyoogopa juu. Nilipofika katikati ngazi ikaanza kucheza, nikafumba macho, nikakumbatia chuma.

Ngazi ikatulia. Nikatazama chini nikamwona Asumini ameishika kwa mikono miwili, mguu mmoja amekanyaga kipago cha chini.

Akasema, "Funga vizuri. Usishuke mpaka umalize."

Nikafunga kila fundo mara mbili. Niliposhuka nilitaka kumshukuru, akapita mbele yangu kama hanioni, akaenda moja kwa moja kwenye meza yangu, akachagua samaki mkubwa. Wapakiaji walikuwa wamejaa, ndiyo saa ya chakula. Akaketi palepale katikati yao, akamega, akala. Kisha akamwita mwanawe wa mwisho, akamega tena, akamtia mdomoni.

Baadaye kidogo mpakiaji mmoja akanyoosha sahani.

Sijui kama amenisamehe, sijamuuliza. Ila Madimba siendi tena.

Dada Tekla, karatasi imeisha na mkono umechoka, haujazoea kazi hii. Naahidi hivi: mahali popote nitakaposikia mtu anaunganisha jina lako na ile sumu, nitasimama nimwambie ukweli, hata kama ni mgeni anapita tu, hata kama nitarudi na samaki wangu wote. Na siku ya kuwaombea wafu wenu nitakuja pale nyuma ya kanisa, nipalilie kaburi lako, ingawa dua zenu sizijui. Nitakusomea barua hii kwa sauti. Nitakwama kwenye maneno marefu, unisubiri.

Lala, ndugu yangu. Sitakuamsha.

Mimi wako,
Somoe