Mapigo Matatu Ghorofa ya Pili

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na mama. Goti lake linaendeleaje? Mwambie asikaidi dawa kama anavyokaidi kila kitu. Mimi ni mzima wa mwili. Hayo mengine utayasoma huko chini. Naamini shemeji alifika salama wiki iliyopita, na kidonda chake kinakauka, ingawa daktari alishanieleza kuwa vidole vitatu havitakunjika tena.

Najua amekusimulia kwa ufupi, maana mumeo kwa maneno ni bahili. Acha nikueleze mimi niliyekuwepo.

Unakumbuka jengo letu la maduka lilipofunguliwa, watu walivyovaa nguo za kutokea kuja kupanda ngazi za umeme, wakishuka wanapanda tena. Hata mimi mlinzi wa mlangoni nilikuwa naamkiwa kama bwana harusi. Tangu uende kumuuguza mama, lile duka kubwa la chini limefungwa, sinema ikafuata, ngazi zikazimwa. Siku hizi watu wananunua kwa simu, wamejilaza kwenye makochi yao. Mwenye jengo akaamua kuligeuza ghala la hivyo hivyo vitu vinavyonunuliwa kwa simu, akawapa wapangaji waliobaki wiki mbili wahame. Walikuwa watatu tu: mama wa manukato, kinyozi, na shemeji na cherehani zake ghorofa ya pili. Wakagoma, wakasema mikataba yao haijaisha.

Mkubwa wetu wa ulinzi alinituma nikaongee na shemeji kwa kuwa ni mtu wetu. Nilikwenda. Alinijibu mbele ya wateja wake kwamba mbwa wa mlangoni hamfundishi mwenye nyumba pa kulala. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Nami nikacheka, dada, lakini lilinichoma.

Jumanne saa nne asubuhi mabaunsa kumi na wawili wa mwenye jengo wakaja na vyuma. Walianza na vioo. Mama wa manukato walimburuta kwa nywele juu ya chupa zake zilizovunjika. Magoti yake yaliacha michirizi kwenye vigae, jengo zima likanuka marashi na damu. Kinyozi alimpasua mmoja taya kwa kiti. Wanne wakamwangukia, wakampiga mateke hadi akaacha kujikinga. Cherehani ya shemeji, ile uliyomnunulia wewe, waliibwaga kutoka juu, ikasambaratika chini. Hapo ndipo aliposhika mkasi akamchoma baunsa pajani. Damu ilimrukia hadi usoni.

Mkubwa wetu akapiga kelele, "Mnyang'anye!" Nikaingia.

Dada, shemeji amekwambia mabaunsa ndio waliomvunja mkono. Si kweli. Ni mimi. Pigo la kwanza la rungu lilikuwa la kazi. Mkasi uliruka, nikausikia ukigonga sakafu. Angekuwa mtu mwingine yeyote, ningekomea hapo. Yeye akaninyooshea mkono mtupu, akasema, "Basi, shemeji." Nikaukamata mkono ule, nikaulaza juu ya meza yake ya kukatia vitambaa, nikaupiga tena. Na tena. Nilisikia mifupa. Sikuwa nawaza mabaunsa wala mkubwa wangu; nilikuwa nasikia kile kicheko cha wateja.

Aliyemkimbiza hospitali ni mimi huyo huyo. Nilipokwenda tena kumwomba radhi, aligeukia ukutani. Kisha akasema nisithubutu kukwambia. "Mke wangu ana ndugu mmoja tu," alisema. "Mkono umeshakwenda. Sitaki na wewe uende." Akaniapisha, nikaapa.

Leo nimekivunja kiapo, kwa sababu kila siku unanitumia ujumbe kunishukuru kwa kumfikisha mumeo hospitali. Shukrani zako siziwezi tena. Kazi nimeacha, na jana nimeandikisha maelezo yangu polisi; wameniambia nisitoke mjini. Usimlaumu yeye kwa kukuficha. Alikuwa anakulinda, tena kwa mkono mmoja, na mimi ndiye niliyelipwa miaka yote kuitwa mlinzi.

Msalimie mama, umfiche haya mpaka apate nafuu. Shemeji naye, kama bado anazitaka salamu zangu, mpe. Barua hii haina deni la majibu, ukinyamaza nitaelewa.

Ni mimi, wa tumbo moja nawe,

Mdogo wako