Pamba Isiyokazwa

Papa,

Ukungu wa mtaa wetu wa Vulamba haujaacha tabia yake. Leo asubuhi umeingia hadi barazani, ukakaa kwenye kiti chako bila kuomba ruhusa, nami nikasimama na ndoo yangu ya maji nikingoja kukusikia ukikohoa. Nilijua si wewe. Lakini ulipokuwa hai ulikuwa unaanza hivyohivyo: wingu kwanza, harufu ya vanila, halafu wewe nyuma yake. Kwa hiyo nilingoja kidogo. Maji yalinimwagikia miguuni.

Nakuandikia kwa sababu ya rafiki yako, Mwalimu Ilunga. Jumatatu iliyopita alikuja akaweka pakiti ya sigara na kiberiti juu ya meza yako ya redio. Haikuwa imefunguliwa. Akasema, "Masika, miye nimechoka kungoya. Kama mpaka dimanche ile mashine haiwake, nitafungua hii. Donc, hapana kunikasirikia." Yule mzee, aliyetoka Katanga kuja kufundisha huku kwetu akasahau kurudi, alisema hivyo akiangalia viatu vyake, akinipa hadi Jumapili kuiwasha sigara yake ya umeme, iliyozimika tangu ufariki. Sikumkasirikia. Nilimwogopea. Daktari alimwambia mbele yako kwamba kifua chake hakina nafasi ya tumbaku tena, na wewe ukaapa kuacha pamoja naye ili asiwe peke yake.

Unakumbuka mlivyoanza? Yule mfanyabiashara alirudi kutoka China na katoni ya sigara za umeme, na hakuna aliyezitaka tena watu walipogundua kwamba kile kitu cha ndani kikiungua, hapa Butembo hakuna kingine cha kuweka. Wewe ukachukua mbili. Ukafungua moja kwa bisibisi yako ya saa, ukacheka mpaka Mama akatoka jikoni. "Hii njo rezistansi tu, sawa ya pasi! Waya na pamba. Mutu anashindwa na waya na pamba?"

Wewe ulikuwa wa waya, mimi nikawa wa pamba. Si kwa heshima yoyote. Vidole vyako vilikuwa vimepasuka kwa miaka ya kuchomelea redio za watu, na pamba ilikuwa inanasa kwenye nyufa zake. Ulizungusha waya kwenye shingo ya bisibisi ukihesabu kwa Kinande, wewe ambaye kila kitu kingine ulikihesabu kwa Kifaransa. Ukabana miguu yake chini ya skrubu mbili, ukabonyeza kitufe, ukainama kuona wekundu unaanzia wapi. Ukianzia katikati, ulinisogezea bila kuniangalia. Mimi nikachana pamba, nikaisokota ncha, nikaipitisha, nikakata, nikalaza mikia yake ilowe maji ya vanila, yale yanayogeuka wingu. Na kila mara uliniambia maneno yaleyale, kana kwamba nilikuwa nimefika jana. "Hapana kaza, Masika. Acha ipumue. Pamba ikikosa njia, maji haipande."

Sasa nifike kwenye ile siku. Nimeizunguka tangu mwanzo wa barua.

Asubuhi uliyofariki, wamama waliokuosha walitaka pamba. Duka la dawa lilikuwa bado limefungwa. Pamba pekee iliyokuwa nyumbani ni ile ya kwenye droo, kati ya skrubu zako. Nikaileta. Mama Vusenge, jirani yetu, akasema mtoto wa kwanza ndiye aweke. Basi nikakaa kando ya kichwa chako, nikaichana pamba kama kawaida, nikaisokota ncha kama kawaida, nikaiweka puani mwako ikiwa nyepesi. Mama Vusenge akatikisa kichwa. "Hapana vile, mwanangu. Kaza." Nikamjibu kwa sauti, mbele ya wote, "Nikikaza hatapumua."

Hakuna aliyecheka. Mama Vusenge alishika kidole changu kwa kidole chake, polepole, tukasukuma pamoja.

Matanga yalipokwisha, redio nyingi zilirudi kwa wenyewe. Mtu wa Kirumba alikuja kutafuta yake na hatukujua ni ipi, tukawasha tatu kwa pamoja, na nyumba ikajaa watu wanaoongea ambao hawakuwepo. Nilipenda kelele ile. Nilitamani achelewe kuchagua.

Halafu Mwalimu akaleta pakiti yake, nami nikakaa kwenye kiti chako kujifunza nusu yako ya kazi. Miaka minne nimekutazama, lakini macho si mikono. Waya wa kwanza ulipishana miguu. Wa pili uliwaka upande mmoja. Wa tatu ulikatika, nikatukana kwa Kilingala, tusi lako lile, na Mama akajifanya hakusikia. Jumatano mchana, mvua ikiwa juu ya mabati, nilibonyeza kitufe na wekundu ukaamka katikati kabisa, mdogo, ukaenea pande zote mbili kwa utulivu. Nilifurahi hivi kwamba niligeuka kushoto ili nikuoneshe. Niliushika ule mwanga muda mrefu kuliko inavyotakiwa.

Nikadhani yamekwisha. Iliyobaki ilikuwa pamba, na pamba ni yangu.

Mwalimu alivuta Alhamisi, akakohoa hadi machozi. "Imeungua," akasema. Nikabadilisha pamba. Ijumaa akavuta tena, ikawa ni ladha ileile ya nguo inayoungua. Alisogeza ile pakiti karibu kidogo na upande wake wa meza, labda bila kujua.

Jumamosi nilichomoa ile pamba kwa kibanio. Mikia yake ilikuwa imelowa vizuri. Katikati ilikuwa nyeupe, kavu, ngumu. Nikaibonyeza kwa kidole, na kidole changu kikaujua ugumu ule kabla yangu. Papa, nilikuwa nakaza. Wiki nzima nilikuwa namtengenezea Mwalimu pamba ya maiti.

Nililia pale mezani, kwa sauti ambayo sikuitoa kaburini. Nililia kwa hasira pia, sikufichi. Nilikukasirikia wewe kwa kufa asubuhi mapema, kabla duka la dawa halijafunguliwa.

Kisha nikanawa mikono. Nilichana pamba hadi nikaona mwanga wa dirisha ndani yake. Nikaipitisha kwenye waya, ikapita kwa uvivu, ikigusa kila upande bila kusukumana na chochote. Nikadondosha maji yake, yale ya chupa zinazotoka Kampala na kutufikia kwa njia ya Kasindi na Beni, nikakaa kuangalia weupe ukiyeyuka kuwa kama kioo. Sikuwa na haraka. Nadhani nilisinzia kidogo, na katika usingizi ule ulikuwepo, ulikuwa unapuliza vumbi kwenye redio.

Jana ilikuwa Jumapili. Mwalimu alikuja baada ya misa, na kitabu chake cha nyimbo kwapani. Alivuta kidogo, kwa woga, kama mtu anayeonja chai ya moto. Akangoja. Akavuta tena, kwa nguvu, na wingu likatoka, jeupe, kubwa, likatanda mezani, likapita mlangoni na harufu yake ya vanila kuelekea jikoni. Akafunika macho kwa kiganja. "Njo yenyewe," akasema. "Masika, njo yenyewe." Ile pakiti akanisukumia kwa kidole kimoja. Nimeitupa chooni, nzima, na kiberiti chake.

Lakini kuna jambo moja zaidi. Mama, ambaye tangu mazishi hajatamka jina lako hata kwenye sala, aliita kutoka jikoni, kwa sauti ya siku zote, ile yenye kununa kidogo: "Papa Masika! Kuya kula, chakula inapoa!"

Halafu mwiko ukanyamaza ndani ya sufuria. Mwalimu aliinamisha kichwa. Mimi nikarudisha skrubu kwenye droo, moja moja. Tulimwacha peke yake na jina lako, Papa, watu wazima wawili, na ni aibu hiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Sasa lala. Kwa ile pamba nisamehe, kidole kilikuwa changu, nguvu haikuwa yangu. Mwalimu nitamtengenezea waya na pamba, vyote viwili, na nitampunguzia ukali wa maji, nikotini yake, kidogokidogo hadi siku atakapoiacha hata hii, kama mlivyoapa. Hilo nakuahidi. Na Mama akikuita tena, sitanyamaza. Nitaitika mimi, na nitaenda kula naye.

Binti yako,
Masika